Usijipime Mwenyewe

Januari 1

Sindano mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kulia linalalamika, na cherehani nayo inalalamika, kwa hiyo humu ndani aliyenyamaza ni mimi peke yangu.

Asubuhi nimefungua daftari la nyumbani. Mwaka wa nne huu nalifungua bila wewe. Nimegeuza kurasa zote tangu ule wa miaka mitatu, ulipong'ata tepe nikalazimika kununua nyingine. Nimefika mpaka ule wa miaka tisa, tulipopimwa sote watatu siku moja kwa mara ya mwisho, mama yako akadai kiuno chake nimekiongeza inchi mbili kwa chuki. Namba zake zipo vilevile, sijafuta kitu.

Haya, vipimo vyangu vya mwaka. Nimepimwa na muuza vitambaa wa hapa jirani, maana sheria ya nyumba hii unaijua: mtu hajipimi mwenyewe. Ukijipima mwenyewe unavuta pumzi ndani na tepe inakubali chochote. Kifua 38. Kiuno 37, na nyamaza. Mabega 17. Urefu nimepungua nusu inchi, sijui imekwenda wapi.

Malengo yangu, matatu kama kawaida. Nyumba: kukushonea koti la kuvaa siku utakayopewa meza yako ya kazi. Kitambaa ninacho tayari, sufu ya kijani kibichi, na kwa ndani bitana nyekundu ambayo hakuna atakayeiona isipokuwa wewe. Mwili: kutembea kila asubuhi mpaka posta na kurudi, na sukari kijiko kimoja badala ya vitatu. Kazi: shule imenipa tena makoti arobaini ya wanafunzi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nataka yaishe bila hata moja kurudishwa.

Nawe niletee yako. Utafute mtu akushikie tepe. Naandika kwenye kitabu cha nakala, kama ninavyoandikia wateja: karatasi ya juu yako, ya chini ya kaboni inabaki kwangu, usije ukanikana.

Baba yako, fundi


Januari 19

Baba,

Heri ya mwaka mpya na kwako. Nimecheka peke yangu kwenye foleni ya posta mpaka mtu akasogea.

Vipimo: kifua 33, kiuno 26, mgongo 14, mabega 16, mkono 23. Amenishikia tepe rafiki yangu wa chumba cha pili, kwa hiyo sheria imefuatwa, usianze.

Malengo. Nyumba: kuja nyumbani mwezi wa sita, wiki mbili kamili, na safari hii sitakuja na kazi mkobani. Mwili: kula mchana. Hapa maabara tunakula tumesimama, mkono mmoja una mkate, mwingine una meno ya mtu. Kazi: mtihani wa Novemba. Nikifaulu napewa meza yangu na taa yangu, na jina langu kwenye kibao. Nikishindwa nabaki kuchanganya plasta tu, na mkuu wa maabara ameshasema hachukui mtu mara ya tatu. Hii ni mara yangu ya pili, unajua.

Juzi nimechonga meno ya bandia ya mzee mmoja kwa nta. Amesema anataka yawe na pengo palepale alipokuwa na pengo, mke wake asimshangae. Nikakukumbuka wewe. Wewe unavalisha mabega, mimi navalisha midomo, na wote wawili wateja wetu ni wasumbufu.

Sindano wako


Februari 27

Sindano mwanangu,

Mbona kimya kuhusu vipimo? Koti haliwezi kukatwa kwa kukisia. Tafuta mtu akushikie tepe, uniandikie kifua, kiuno, mgongo, mabega na mkono.

Ya huku ni mazuri. Natembea kila asubuhi. Jana nilirudi kutoka posta kwa njia ya mbali, nikaona mitaa ambayo sijaiona siku nyingi, na nilipofika jua lilikuwa limeshahama dirishani. Mwili unafaidi. Makoti ya shule yanakwenda. Sukari nimepunguza, ingawa muuza vitambaa anasema hunywa chai yake kwangu na kuona kijiko kinaingia mara mbili. Mwongo yule.

Mwezi wa sita nakungoja.

Baba yako, fundi


Machi 14

Baba jamani,

Vipimo nilivituma Januari! Umeviweka wapi, umekatia suruali ya mtu? Umeanza uzee mapema, na mimi bado sijakuajiria mtu wa kukukumbusha. Haya, navirudia: kifua 33, kiuno 26, mgongo 14, mabega 16, mkono 23. Vibandike ukutani juu ya cherehani.

Kuhusu mwezi wa sita nitakuthibitishia. Fundi mmoja ameacha kazi, meza yake ipo wazi na kazi zake zote zimenijia mimi. Mkuu anasema tutaona. Akisema tutaona, huwa haoni kitu.

Sindano wako


Aprili 6

Sindano mwanangu,

Nakuandikia haraka, nina kazi nyingi. Kila kitu kinakwenda vizuri. Makoti ya shule yamekwisha, wamefurahi sana, mwalimu mkuu amenipa mkono. Sasa nina nafasi ya kulishughulikia koti lako.

Natembea, nala, nalala. Wewe soma. Ukifaulu mimi nitakuwa sina la kuomba tena.

Baba yako, fundi


Aprili 20

Shangazi shikamoo,

Nisamehe kukuandikia ghafla, sijakuandikia tangu mwaka juzi na najua utanisema. Nisemwe baadaye.

Barua ya baba ya tarehe sita imenifikia ina maandishi mawili. Juu ni barua yangu, kwa wino mweusi. Chini yake, mstari kwa mstari, kuna maandishi ya bluu ya kaboni. Siku hiyo alianza kukuandikia wewe, nakala ikabaki kwenye karatasi ya chini. Kisha akachana ya kwako, na badala ya kufungua karatasi safi akaniandikia mimi juu ya nakala yako. Baba, Shangazi! Mtu ambaye nilipokuwa mdogo alinirudisha kutoka mlangoni nikafunike nakala iliyobaki kitabuni, asije akaandika kiuno cha mtu juu ya kiuno cha mtu mwingine. Ameandika juu ya karatasi iliyokwisha jaa na hakuona.

Nimeisoma kwenye taa ninayokagulia meno. Imenichukua saa nzima. Nakunakilia, uniambie kama ndivyo ilivyo kwako:

"Dada, makoti ya shule yamerudishwa. Kumi na moja yana mikono miwili ya kushoto. Nimekata mwenyewe, nimeshona mwenyewe, nimepiga pasi, sikuona. Mwalimu mkuu alimvalisha mwanafunzi mmoja mbele yangu, darasa zima likacheka, halafu waliponitazama wakaacha kucheka. Kazi wamempa mwingine. Wiki iliyopita nilitoka posta nikawa sijui nyumba iko upande gani. Nilikaa kwenye ngazi mpaka muuza vitambaa akanikuta, nikamwambia napumzisha goti. Daktari alinipa karatasi nichore saa. Duara nilichora vizuri, namba nikaziweka, mishale sikujua niiweke wapi. Anasema hii haiponi, inakwenda tu mbele. Dada, Sindano asijue. Atatupa mtihani wake aje kukaa na mimi, na mimi sitaki kuwa sababu. Niapie."

Shangazi, nilimwambia ameanza uzee. Niliandika kwa mkono wangu, kwa mzaha.

Ni kweli?

Sindano


Mei 2

Mwanangu,

Marahaba. Ni kweli. Niliapa, na kiapo chenyewe amekivunja yeye kwa kalamu yake, kwa hiyo Mungu atanielewa.

Sitakuzungusha. Nilikwenda kwake siku tatu. Mikono bado ni ya fundi, ukimpa kitambaa inakwenda yenyewe. Ni kichwa ndicho kinachoachana na mikono. Alinipima, akaandika, akaenda kunywa maji, akarudi akanipima tena na kunikaribisha kama ndio nimeingia. Mara ya tatu nikamwambia kaka, mwili wangu ni mkubwa lakini haubadiliki kwa dakika tano. Akacheka sana. Kisha akakaa kwenye kiti chake akalia, nami sijamwona akilia tangu alipomzika mama yako.

Namaliza mkataba wangu wa kupika hapa shuleni mwisho wa Julai, halafu nahamia kwake. Magoti yangu na goti lake tutaelewana. Wewe njoo mwezi wa sita kama ulivyoahidi. Usimwambie kwamba unajua. Hilo koti lako ndilo linalomwamsha asubuhi, usimnyang'anye.

Lakini njoo, Sindano. Bado anakujua. Anakutaja kila saa.

Shangazi yako


Mei 10

Sindano mwanangu,

Leo nimekuta karatasi zako mbili za vipimo, zinafanana neno kwa neno. Sijui kwa nini umetuma mara mbili, lakini umefanya vizuri, maana ya pili imenifanya niitazame ya kwanza.

Mgongo 14 na mabega 16? Mtu wa hivyo hayupo, labda kabati. Umejipima mwenyewe. Mkono wako haukufika mgongoni, tepe ikapinda katikati, ukaandika ulichokiona. Nimepima watu miaka arobaini, mwanangu, namba ya mtu aliyejipima naijua hata nikiwa usingizini.

Sikukasirika. Nimeketi tu nikawaza. Huko uliko, mji wote huo, huna hata mtu mmoja wa kukushikia upande wa pili wa tepe?

Sitakata kwa namba hizi. Nitatumia vipimo vya daftari la nyumbani, vile nilivyokupima kwa mkono wangu mwenyewe. Hivyo havidanganyi.

Na mwezi wa sita usije. Kaa usome. Utakuja Desemba na cheti chako, koti litakuwa tayari, tutalijaribisha hapa mbele ya kioo. Ukija sasa utanikuta katikati ya vipande na utaanza kunifundisha kazi.

Baba yako, fundi


Mei 28

Baba,

Umenikamata. Yule rafiki wa chumba cha pili nilimtunga. Chumba cha pili anaishi mtu ambaye sijui hata anaitwa nani, namsikia akikohoa tu. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikavuta tepe kwa meno. Kula mchana nako sijala. Nilikuandikia malengo yale kwa sababu wewe unapenda yawe matatu.

Sawa, sitakuja mwezi wa sita. Mkuu naye amekataa likizo, akasema nikiondoka sasa nisisumbuke kurudi Novemba. Nakuja Desemba, cheti mkononi, wiki mbili.

Wewe uko sawa, Baba? Kama kuna jambo lolote, niambie. Lolote.

Sindano wako


Juni 15

Sindano mwanangu,

Niko sawa kabisa. Natembea mpaka posta na kurudi. Koti nimelikata leo.

Baba yako, fundi


Agosti 11

Mwanangu,

Nimehamia. Nimekuta jiko limefungwa kwa kamba, kumbe muuza vitambaa ndiye aliyelifunga, baada ya birika kuungua mara mbili. Nimekuta sukari kwenye kopo la vifungo na vifungo kwenye kopo la sukari. Nimekunywa chai yenye kifungo, mwanangu. Kilikuwa cha mashimo manne.

Wateja wameisha. Anafungua dirisha saa mbili asubuhi, anakaa kwenye cherehani, anashona koti lako mpaka mchana, halafu anafumua nusu ya alichoshona kwa sababu hakumbuki kama alipima. Sijawahi kuona mtu anashona vizuri hivyo. Juzi mchana alichungulia dirishani akaniuliza, "Mbona Sindano hajarudi shule?" Nikasema, "Atarudi." Akasema, "Watoto wa siku hizi wanazurura." Akaendelea kushona.

Nakwambia wazi sasa, na usininunie. Usingoje Desemba. Mwezi wa tano alikuwa anakukumbuka ulivyo. Sasa anakukumbuka ulivyokuwa. Mtihani hutungwa kila mwaka. Huyu anapungua kila juma, namwona kwa macho yangu.

Shangazi yako


Septemba 3

Shangazi shikamoo,

Sijanuna. Nimekasirika, na ni afadhali niseme.

Ni rahisi kusema mtihani hutungwa kila mwaka. Kwangu mimi hautungwi tena. Hii ni mara ya mwisho, na yeye mwenyewe amesema nisije, ninayo barua, ameandika usije, kaa usome. Amejificha, akakuapisha, ili nisome. Nikiacha sasa, yote aliyoficha ameyafichia nini? Nimebakiza wiki kumi. Mshikilie wiki kumi tu.

Hayo ndiyo ninayojiambia kila asubuhi nikienda kazini, na huwa yanatosha mpaka kama saa tano.

Ukweli mwingine ni huu, na usimwambie mtu. Naogopa. Naogopa kufika pale mlangoni akaniuliza mimi nani. Nikiwa huku, ndani ya barua, bado mimi ni Sindano mwanangu. Nikija nikakuta sivyo, sitakuwa na pa kurudi, kule wala huku. Kwa hiyo ile barua ya Mei iliposema usije, Shangazi, kabla sijalia nilishusha pumzi. Nilifurahi. Nimekuwa nikibeba furaha ile tangu siku hiyo na sijui niitue wapi.

Msalimie. Mwambie nakula mchana.

Sindano


Oktoba 20

Mwanangu Sindano,

Ukitoka shule njoo moja kwa moja nyumbani. Koti limekwisha. Yule mama aliyehamia hapa, mpishi, amenisaidia kulifunga kwenye karatasi, ni mtu mwema ingawa anapenda kuamrisha.

Kola nimeirudia mara tatu. Bitana ni nyekundu. Mikononi nimeacha pindo nene kwa sababu utarefuka, mwakani tutalishusha inchi moja, na mwaka unaofuata nyingine. Mama yako asione kwamba nimetumia kitambaa chake.

Usilivae mvuani. Usilitupe chini ukicheza.

Baba


Novemba 28

Baba,

Nimefaulu. Wamenipa meza karibu na dirisha, na taa, na kibao chenye jina langu, ingawa wamekosea herufi moja na nimewaacha tu.

Koti lilifika siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa mezani kwangu, mezani kwangu, Baba, mhudumu wa ofisi akaniletea kifurushi. Nilijua mwandiko wako kabla sijageuza. Nimelifungua pale pale, mbele ya wote, wakaja kushika kitambaa. Mkuu wa maabara, ambaye hajawahi kusifu kitu, aligeuza kola akaangalia mshono wa chini yake kwa kioo cha kukuzia, akasema huyu ni fundi. Nikasema ni baba yangu. Akaniuliza, "Ni la mwanao?"

Nilimwambia ndiyo.

Mabega inchi 12. Mkono inchi 17. Nimelipima kwa tepe, peke yangu, na safari hii tepe haikupinda. Najua ni ukurasa gani. Ni ule wa miaka tisa, wa sisi watatu.

Nilikuwa nikuandikie kwamba limenikaa vizuri. Nimeshaanza mara mbili kuandika hivyo. Ungejua, labda, kama ulivyojua Mei. Au usingejua, na hilo ndilo siwezi kulivumilia. Niliingiza mkono mmoja tu, ukaishia chini ya kiwiko. Bitana ni laini sana, Baba. Hakuna aliyeiona isipokuwa mimi.

Nakuja tarehe 20 Desemba. Ningoje. Tafadhali ningoje.

Sindano wako


Desemba 9

Mwanangu,

Hongera kwa mtihani. Barua yako nilimsomea, nikaruka vipimo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema huyo binti anaandika vizuri, wazazi wake lazima wanafurahi.

Nimekwambia ili ujiandae kabla hujafika mlangoni. Mimi nitaondoka ukifika, nikapumzishe mifupa kwangu wiki mbili. Nimechoka, Sindano. Jiko ulifunge kwa kamba. Kopo la bluu ndilo la sukari.

Shangazi yako


Januari 1

Shangazi shikamoo,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini magoti yamepata nafuu na hakuna anayekupima.

Uliponikabidhi funguo uliniuliza alipofungua mlango alisema nini, nikasema amelala vibaya, tutazungumza. Sasa nakuambia. Alisema, "Karibu, dada, dirisha la wateja ni la upande wa pili, hapa ni nyumbani kwa watu." Siku zote hizi nimekuwa mteja. Ananikaribisha chai, ananiuliza nimetoka mbali? Jioni anashangaa kwamba bado nipo, lakini kwa upole, hajanifukuza.

Nilikuja na koti. Nilifikiri akiliona, labda. Juzi nililitoa nikalitundika kwenye kiti chake cha cherehani. Aliligusa, akaangalia pindo la mikono, kisha akanigeukia kwa uso ambao sijawahi kuuona. "Hili ni la binti yangu. Umelitoa wapi?" Nikasema, Baba, ni mimi. Akasema, "Nimekuuliza umelitoa wapi." Alisema watu wanaingia humu na kubeba vitu kwa sababu wanamwona mzee, na binti yake akitoka shule jioni atavaa nini? Nilimwomba radhi. Nilisema nimeliokota njiani nikaja kulirudisha. Basi akanishukuru, Shangazi. Alinishukuru kwa mikono yote miwili, akalitundika juu ya mlango ambapo atalifikia.

Leo asubuhi aliamka mapema, akavaa shati safi, akafungua daftari la nyumbani. Sijui mwili wake ulijuaje tarehe. Alifika kwenye karatasi nyeupe akakaa anaitazama, kalamu mkononi, kama mtu aliyeitwa mahali na hakumkuta aliyemwita. Nikamwambia, "Fundi, nipime mimi."

Alisimama papo hapo. Tepe shingoni. Akasema nisimame wima, nisivute pumzi, watu wote wanavuta pumzi. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Kifua 32, kiuno 25, mgongo 13 na nusu, mabega 14 na nusu, mkono 23. Aliponizunguka mgongoni alisema, "Unakonda, dada. Huna mtu wa kukuangalia?" Niliendelea kutazama mbele, nisimharibie kipimo.

Kisha alivuta kitabu cha nakala cha wateja, akaandika vipimo, na chini yake Nyumba, Mwili, Kazi, kila moja na mstari wake, akaniuliza. Nadhani wateja hajawahi kuwauliza. Nilianza na kazi, nikasema kazi ninayo. Akaandika. Mwili, nikasema nitakula mchana. Akaandika. Nyumba, nikasema nataka kurudi nyumbani kwa baba yangu.

Aliinua kichwa. "Yupo hai?"

"Yupo."

"Basi wahi, dada. Usimngojeshe mzee. Mimi namngoja wangu hapa, najua."

Alichana karatasi ya juu akanipa, ile ya chini akaibakiza kitabuni, akaifunika vizuri, hakusahau. Ninayo hapa mbele yangu ninapokuandikia. Mahali pa jina ameandika Mteja.

Nilimwuliza kama atanishonea koti. Alifikiri sana, akatazama juu ya mlango. Akasema ndiyo, kipimo changu ni kizuri, kinashoneka, lakini nivumilie kidogo. Hawezi kuanza jipya mpaka Sindano aje achukue lake.

Sindano